Ramani ya Mwezi Iliyokwenda Usenge

Juzi nilinunua njugu pale sokoni Mamboleo, nikafungiwa kwa karatasi ya gazeti, na kabla sijatia hata moja mdomoni nikajikuta naikunjua karatasi kutafuta picha ya mwezi. Usinicheke. Ugonjwa huo niliupata nikiwa msichana mdogo Kisumu, mwaka ule watu walipotua mwezini, enzi ambazo dukani sukari ilifungwa kwa magazeti. Nilikuwa nikimwaga sukari koponi haraka haraka, nafuta karatasi kwa upindo wa gauni, kisha nazipanga picha zangu chini ya godoro. Zilinuka mafuta ya taa na samaki, kama kila kitu nyumbani kwetu.

Nilichokosa ni sahihi. Mwalimu wetu wa jiografia alituambia kwamba ramani iliyotiwa sahihi na mtu aliyeshughulikia safari ile ni mali ya kurithisha wajukuu. Basi nikaitamani sahihi kuliko nyama. Siku moja akaja na habari: mgeni mmoja, mchoraji wa ramani za wale wasafiri, angeonyesha filamu katika ukumbi wa mjini, na kila mwanafunzi angepewa ramani.

Nyanya yangu alikuwa amefika kutoka kwake Usenge, ufuoni mwa ziwa, na magunia yake ya omena, wale dagaa wadogo aliowachuuza. Aliposikia habari hiyo alijifunga leso, akasema tunakwenda wote. Yeye na mwezi hawakuwa marafiki. Omena huvuliwa gizani, kwa taa za karabai zinazowavuta waje juu. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hulala ufuoni na wachuuzi hulala njaa. Tangu watu wafike huko juu, jambo moja lilimnyima raha: hakuna mtu aendaye ugenini bila taa, na wageni husahau vitu. Kama waliisahau huko ikiwaka, giza la kuvulia lingetoka wapi tena?

Filamu ilipoisha nilipanga foleni. Zamu yangu ilipofika, nyanya akanitangulia.

"Bwana, sisi nauliza tu," akasema. "Hiyo watu yenu iliacha taa huko juu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akatafsiri, lakini mgeni hakucheka. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba hakuna taa iliyoachwa ikiwaka.

"Basi aandike," nyanya akasema.

Mgeni akaandika hivyo juu ya ramani yangu, akatia sahihi. Wino haujakauka vizuri, nyanya alikwisha kuikunja na kuitia kifuani. Lazima watu wa ufuoni waione, akasema, maana kwa hofu hiyo hiyo wengine walishaanza kutafuta wa kuwauzia nyavu. Nililia hadi nyumbani.

Likizo ilipofika nikaenda Usenge kudai mali yangu. Niliikuta imetundikwa katika kibanda cha wanunuzi wa samaki, imelainika kama kitambaa. Wasiojua kusoma walikuwa wameigusa sahihi ile mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vya mafuta ya samaki, wapate uhakika, hadi wino ukafutika.

Nyanya aliniona nimenuna, akaniambia kwa Kijaluo, "Mwandiko umetoka, mjukuu wangu, lakini giza lilikuja. Hakuna aliyeuza wavu."

Nilikuwa mtoto, nilitaka sahihi yangu.

Kibanda hicho hakipo tena, wala ramani niliyoiacha humo, na nyanya tulimzika zamani. Naambiwa siku hizi matajiri wanazitafuta sana ramani za namna ile. Mimi ningeitaka ile ile iliyofutika, kwa sababu alama za vidole vyake zimo humo, na sina picha yake hata moja.