Madoa ya Fukusi wa Ufipa

Jambo hili zima limegharimu likizo yangu ya mwaka, kopo moja la biskuti, rangi ya mlango wa duka, na jina ambalo nilikuwa nimekwisha kumwahidi baba. Nimehesabu mara mbili. Vitatu vya kwanza vinalipika.

Kazi yangu ni kutazama wadudu waliokufa. Makumbusho ninayofanyia kazi, mbali na kwetu, yana chumba cha makabati ya mbao. Ndani ya makabati mna visanduku vya vioo, na ndani ya visanduku wadudu wamesimama juu ya pini kama watu waliopanga foleni wakasahau wanasubiri nini. Chumba kinanuka dawa ya nondo. Ukishinda humo, harufu ile inakupunguzia uzito. Mawazo yanaanza kuelea, na jua la alasiri linapoingia dirishani huna hakika kama umekula au umeota kwamba umekula.

Humo ndimo nilimokutana na nyumbani. Kisanduku kilikuwa na fukusi, jamaa wa mbali wa yule anayetoboa mahindi ghalani, ila hawa ni wakubwa kuliko yule, hawaruki, na pua yao ni fupi na nene. Chini ya kila mmoja ilining'inia lebo ndogo kuliko ukucha, wino wake umefifia mpaka rangi ya chai: uwanda wa juu wa Ufipa. Hakuna kijiji, hakuna jina la aliyewaokota. Mimi nimezaliwa Sumbawanga, nimelala usingizi wangu wa kwanza juu ya marobota nyuma ya duka la baba, na hawa hapa walikuwa wametoka kwetu zamani kabla yangu, na hakuna aliyewahi kuwauliza habari za huko.

Wataalamu wa kale, ambao sidhani kama baridi yetu iliwahi kuwatoa machozi, walikuwa wamewagawa mafungu mawili. Wenye mistari ya kijani mgongoni walipewa jina moja, weusi watupu wakapewa jingine. Kisha wote wakatiwa katika jenasi moja, yaani ukoo, ambao kwa macho yangu haukuwa wao. Katika ukoo ule, sehemu ya katikati ya kipapasio ina pingili sita. Hawa niliwahesabia saba. Nikahesabu kipapasio cha kulia, nikahesabu cha kushoto, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikahesabu upya, maana nimelelewa na mtu asiyeamini bunda la majembe mpaka alifungue. Saba. Kuwahamishia kwenye ukoo wao ilikuwa kazi tosha ya kumpa mtu heshima yake mjini.

Lakini pembeni mwa kisanduku walikuwapo wachache wasio na upande. Mgongo mweusi, na juu yake madoa ya kijani yaliyotawanyika kama taa za vijiji ukizitazama usiku kutoka mlimani. Hao hawakuwa na jina lolote. Kwa mtu wa kazi yangu, asiye na jina ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Nikampigia baba simu.

"Shikamoo baba. Kuna mdudu wa Ufipa hana jina. Nataka nimpe lako."

"Marahaba. Mdudu gani?"

"Fukusi."

"Fukusi." Alilitafuna neno kama mtu anayejaribu sarafu kwa jino. "Mama, ukoo wetu umempiga dawa fukusi tangu enzi za babu yako. Leo unataka aitwe mimi?"

"Huyu hali mahindi, baba."

"Anakula nini?"

"Sijajua bado."

"Basi usinihakikishie."

Tulipatana kwa siku kadhaa, kila mmoja akijifanya anakata simu, kama mteja anayejifanya anaondoka. Kwanza akakataa. Kisha akataka mdudu aitwe jina la duka. Nikamwambia fukusi si kalenda ya matangazo. Akacheka, akaweka simu kando amhudumie mteja, na aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Akataka jina la mama yake.

Bibi yangu aliletwa Sumbawanga akiwa bi harusi. Aliuza vitenge mlangoni mwa duka hilohilo mpaka uzee ukamkalisha, akazikwa bila hata picha moja. Mimi ninachokumbuka ni kiganja kinachonyoosha kitambaa, na mwanga wa mlangoni ukipita juu yake.

"Kitu chake hakuna kilichobaki, mama," baba akasema. "Hata kiti."

Sikupunguza kitu. Nikasema ndiyo.

Nilichukua likizo mvua zilipoanza, nikamtafute akiwa hai, maana kumtambulisha mdudu ambaye hujui hata analala wapi ni kama kuozesha binti kwa simu. Mji ulikuwa umejaa ukungu. Mlimani hakukuonekana, watu wakitokea na kupotea barabarani wakiwa na makoti yao, na salamu zikitangulia mbele ya sura. Nikaenda Pito, nje kidogo ya mji, kwa mama mmoja mkulima ambaye amekuwa akinunua majembe kwa baba tangu mimi nikiwa na ndala za mkono wa kushoto miguu yote miwili.

Shamba lake lilikuwa la ntumba. Mvua zinapoelekea kwisha, watu wa kwetu hukata nyasi, huzifukia chini ya udongo uliopinduliwa, na shamba lote huwa vichuguu vya mviringo, ndizo ntumba. Vichuguu hivyo hulala miezi yote ya baridi, nyasi zikioza polepole tumboni mwavyo. Mvua zikirudi hubomolewa na kutawanywa, na mbolea imekwisha kujipika yenyewe. Asubuhi ile, ndani ya ukungu, nilidhani ni watu waliojifunika blanketi, na kwamba nikikohoa watageuka.

"Unatafuta nini kwenye udongo wangu?" yule mama akauliza, jembe begani.

"Mdudu, mama."

"Watoto wa dukani bwana. Kwenu wamekwisha?"

"Wa kwetu wana bei."

"Na wangu wana bei. Bomoa ntumba tatu, ndipo uchukue mmoja."

Nikamshusha hadi mbili. Katika ya pili, jembe lilipopasua zile nyasi nyeusi zilizooza, fukusi akatoka kwenye chumba chake kidogo cha udongo, akasimama juu ya bonge kama aliyeamshwa na asiyemjua. Alikuwa mpya kabisa. Mistari yake ya kijani ilikuwa kamili, inang'aa kama kitenge ambacho hakijaingia majini. Moyo ukanishuka kidogo, kwani wa mistari alikuwa na jina tayari, na mimi nilimtaka wa madoa. Hata hivyo ntumba nilikwisha zilipia kwa mgongo wangu. Nikamtia kwenye kopo la biskuti pamoja na udongo na nyasi za palepale.

Baba akaliweka kopo juu ya meza ya duka, akalifunika kwa kipande cha chandarua. Asubuhi anamwekea majani mabichi. Wateja wakawa wanainama kutazama kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote. Mfugaji mmoja, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi, alikuja kununua kamba.

"Huyu mnauzaje?"

"Huyu hauzwi," baba akasema.

"Hauzwi, na yuko juu ya meza ya duka?"

Baba akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akampunguzia bei ya kamba ili aondoke.

Siku zile sasa nazikumbuka kama siku moja ndefu. Mvua juu ya bati, redio ikisema chinichini, baba akisinzia, na ndani ya kopo yule mdudu akichimba, anaingia udongoni, anatoka, anaingia tena, kama mtu aliyedondosha funguo. Nilikuwa nimeegemea marobota, nusu nasoma, nusu naota, bibi akipita mlangoni na kitambaa mkononi. Ndipo baba akaniita.

"Mama, njoo. Njoo uone."

Mistari ilikuwa imekatika. Mgongo ulikuwa mweusi, na juu yake yamebaki madoa ya kijani. Baba alikuwa ameshika simu yake yenye picha niliyomtumia ya wale wasio na jina, akiangalia picha, akiangalia kopo.

"Amekuwa wetu," akasema taratibu. Macho yake yalikuwa na maji, na hakuyafuta.

Kabla sijaichukua lenzi yangu alikwisha toka kumtafuta mchoraji. Jioni ile mlango wa duka ulikuwa na fukusi mkubwa kama sinia, madoa kumi na mawili, na chini yake, kwa herufi za duara, jina la bibi.

Mimi nilibaki na kopo na lenzi yangu. Chini, juu ya udongo, palikuwa na vumbi jembamba la kijani. Rangi ya fukusi hawa ni magamba madogo yaliyopangwa juu ya mgongo, na kila anapojisukuma udongoni, mengine yanakwanguka. Mdudu anazaliwa na mistari, anachimba, mistari inakuwa madoa. Akiendelea kuchimba, madoa yanakwisha. Makumbushoni sikuwa nimekuta wa aina tatu. Nilikuwa nimekuta kitenge kimoja kikiwa kipya, kikiwa kimefuliwa, na kikiwa kimechakaa.

Nikarudi Pito kuhesabu mara ya pili. Kwenye nyasi za pembeni mwa ntumba nikakuta mweusi mtupu amempanda wa mistari, wametulia kabisa, hawana habari kwamba kwenye vitabu ni majirani tu. Nikawahesabia pingili. Saba, saba.

Kanuni ya kazi yetu haina mapatano, nami nimeitafuta nafasi ya kupatana kila kona. Ikigundulika kwamba wenye majina mawili ni mmoja, jina lililotangulia ndilo linabaki, hata wakihamishwa ukoo. La pili linazikwa. La tatu halizaliwi. Nimeandika makala yangu hivyo, pingili, magamba, ukoo mpya na yote, na imekamilika. Najua pia kwamba ningekaa kimya kuhusu lile vumbi la kijani, ingepita miaka kabla ya mtu mwingine kuja kubomoa ntumba kwenye ukungu. Nililipima hilo. Lakini bibi yangu hakuwahi kumuuzia mtu kitenge kilichofuliwa akamwambia ni kipya, na sioni nitakavyomwanzishia biashara hiyo leo.

Jana madoa yalikuwa yamebaki manne. Baba aliinama juu ya kopo muda mrefu.

"Anaumwa?"

"Hapana, baba. Anachimba tu. Udongo unamkwangua."

"Ahaa."

Akakirudisha chandarua. Leo asubuhi nimekuta ametoa udongo wote kwenye kopo. Ametandika kipande cha kitenge cha zamani, laini, kimekunjwa mara mbili, na fukusi ameketi katikati yake, hana pa kuchimba, na madoa yake manne. Baba ni mfanyabiashara. Sijui anajua kiasi gani, wala sikumuuliza.

Likizo yangu inakwisha Ijumaa. Mlango umekauka rangi, na wateja wamekwisha anza kumtaja bibi kwa jina, hata wale ambao hawakumjua. Makala sijaituma. Ninyi mliowahi kudai zawadi irudi kutoka kwa mtu aliyekwisha ishukuru, naomba mnishauri, maana hesabu hii hainiingii hata nikiirudia: maneno ya kwanza kabisa, mliyasemaje?