Sauti Alizosikia Baba Mdogo

Juzi nilimsindikiza mama kliniki huko Pasiansi. Mbele yetu dirishani, fundi wa kuchomelea alikuwa amefuata sindano yake ya mwezi. Muuguzi akamuuliza, "Zile sauti bado zinakusema?"

"Zipo, sista, ila siku hizi zinanong'ona tu. Nikiwasha mashine sizisikii kabisa."

Muuguzi akacheka, akaandika.

Mama akanishika mkono. Zamani, baba mdogo alipougua akili, ukoo ulimfunga kamba kwenye nguzo ya ghala, na mganga akawa anakuja kumfukiza. Mama ndiye aliyempelekea chakula.

"Kumbe huwa wanaulizwa wanachosikia," akasema. "Mimi nilikuwa namwambia anyamaze, ale."

Nilitaka kumtetea kwamba enzi zile hatukuwa na sindano. Nikakumbuka kwamba kuuliza hakuhitaji sindano.