Uso wa Mama Uliopakwa Chokaa

Chokaa ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na mvuke wake hukwaruza koo kabla pua haijatambua ni harufu ya nini. Mwezi uliopita mafundi walikoroga pipa zima uani kwangu, wapake banda la kuku na ukuta wa choo. Nilikuwa nachambua mchicha. Nikauacha, nikavaa kandambili, nikatoka nje ya uzio wangu mwenyewe na kwenda kukaa kwa jirani mpaka walipomaliza. Wanangu walicheka, wakasema mama anaogopa chokaa. Siogopi. Nina hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko wao. Nawasimulia ninyi kwa sababu nikianza kuwasimulia watoto sauti hunipanda, nao hudhani nawagombeza.

Tuliishi Chuno, mtaa wa mji wa Mtwara, mimi na mama yangu, Rozalia. Baba alikuwa mchukuzi wa magunia ya korosho bandarini, akafariki kwa maradhi ya kifua nikiwa na miaka sita. Mama alikaanga maandazi na kuyauza kizingitini kwetu. Jumamosi alikwenda kigangoni, kanisa letu dogo la mabati ambalo padri alilifikia mara moja kwa mwezi, kufua vitambaa vya altare na kuvinyoosha kwa pasi ya mkaa. Aliipenda kazi ile. Akiwa na pasi mkononi aliimba kwa pua, mdomo umefungwa, na mimi nilikaa chini ya meza nikisikiliza cheche zikilia ndani ya chuma.

Siku ambazo padri hakuwapo tuliongozwa na katekista wetu, Mwalimu Gaudensi, mtu mrefu aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata mwezi wa Desemba, wakati jua la Mtwara linapovua watu hata aibu. Naomba nimtendee haki. Alizika maiti wetu, alitembea kwa miguu hadi kijiji cha Ziwani kusali na wagonjwa, na mimi mwenyewe alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Ndiyo maana bado namkasirikia. Mtu mbaya ningekuwa nimeshamsahau.

Nilipokuwa na miaka tisa, kigango kiliamua ukuta wa nyuma ya altare upambwe kwa picha ya Bikira Maria akiwa na Mtoto. Aliitwa mchoraji mmoja, Fundi Tadei, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji na kulima upande wetu wa mto. Mwalimu Gaudensi alimpa kadi ndogo ya kuiga, yenye mama mweupe wa macho ya bluu na midomo kama imepakwa juisi ya rozela. Tadei aliigeuza kadi mbele na nyuma, akamrudishia.

"Huyu ntu simjui," alisema. "Nikichora ntu nisiyemjua, atatoka ndoli."

Alizunguka mle kanisani siku mbili akitazama watu bila kuchora chochote. Siku ya tatu mama alikuwa akifuta mabenchi. Tadei akamwomba asimame palepale, kitambaa mkononi. Mama alikataa, akacheka, akakataa tena, mpaka Mwalimu Gaudensi mwenyewe akamwambia kwamba ni utumishi kama utumishi mwingine. Basi Jumamosi nne mfululizo mama alisimama mbele ya ukuta ule akiwa amepakata boga lililofungwa kanga, kwa sababu hatukuwa na kichanga karibu. Mimi nilitakiwa kukaa kimya. Nilikaa kimya mpaka boga lilipochomoka kwenye kanga na kubiringika chini ya benchi la kwanza, na mama akasema, "Nisamehe, Bwana," na Tadei akalazimika kushuka kwenye ngazi kwa kucheka.

Picha ilipokamilika, alikuwa mama. Nyusi zile, shingo ile, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia lile kovu la mafuta ya maandazi. Boga lilikuwa limegeuka mtoto wa kiume mnene, mweusi kama sisi, anayemtazama usoni. Watu walifurahi. Wateja wa maandazi walimtania, wakamwita Mama Maria, naye akawarushia kitambaa. Wanawake walileta maua ya asumini wakayaweka chini ya ukuta.

Shuleni nilikaa dawati moja na Neema, binti wa karani wa bandari aliyehamia kutoka Mbeya. Kwao walikuwa walokole. Neema aliniambia wazi kwamba sisi tunaabudu sanamu, tena sisi tumezidi, tunaabudu muuza maandazi. Nilimpelekea Mwalimu Gaudensi maneno yale nikilia. Akaniketisha, akanifundisha jibu, nami nililikariri kama namba ya nyumba yetu: "Sisi hatuabudu picha. Picha ni rangi tu. Anayeheshimiwa yuko mbinguni." Nilimjibu Neema hivyo mbele ya darasa zima. Nilijiona nimelitetea kanisa.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Siku nilipoacha unga ukaumuka mpaka ukachacha, alinichapa kwa mwiko, nami nikakimbilia kigangoni kumtazama yule mwingine, asiyekasirika. Nilikaa pale nikamshtaki mama yangu kwa mama yangu. Kisha nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Mwaka uliofuata mama akaolewa. Mume alikuwa Mzee Issa, dereva wa lori la korosho, mjane kama yeye, Mwislamu. Walifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kukoroma na kupenda mihogo ya nazi, na tangu alipoingia, mama alianza tena kuimba mdomo ukiwa wazi. Sheria ya kanisa mama aliijua: aliyefunga ndoa nje ya kanisa hapokei Komunyo. Alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Gaudensi, akamwambia hataomba Komunyo, atakaa benchi la nyuma, na vitambaa vya altare ampe mtu mwingine avifue. Alipofika nyumbani aliitundika pasi ukutani. Sikumwona akilia.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini maua yalianza kupungua chini ya picha. Mwanamke mmoja akasema hawezi kupiga magoti mbele ya mke wa Issa. Mwingine akauliza watoto wanafundishwa nini. Baada ya wiki chache Mwalimu Gaudensi akaja nyumbani kwetu. Mama alimtolea kiti na hakukaa. Alimtolea chai na hakuinywa. Alisimama mlangoni akieleza kwamba wazee wa kigango wamekaa, wameona picha irekebishwe.

"Mwalimu," mama alisema, "si ulimfundisha mtoto huyu kwamba ni rangi tu?"

"Ni rangi, Mama Anjela. Lakini watu wanakujua."

"Hata ilipochorwa walinijua."

Mwalimu alisema Bwana awabariki, akaondoka, na chai ikaota utando.

Walimwita Fundi Tadei abadilishe uso. Alikuja, akaitazama kazi yake, akauliza tu, "Mkimfuta yeye, huyu ntoto atabaki kapakatwa na nani?" Akapanda baiskeli yake akarudi mtoni, na hakukanyaga tena kigangoni kwetu.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, sisi watoto wa mafundisho tuliambiwa kila mmoja alete ndoo ya maji kutoka bombani. Nilidhani ni kwa ajili ya kupaka kuta za nje, kama ilivyofanyika kila mwaka. Nilibeba ndoo yangu, nikaimimina kwenye beseni la chokaa kwa mikono yangu hii, nikarudi nyuma mvuke uliponikwaruza koo. Kisha Mwalimu Gaudensi akachukua brashi, akapanda juu ya benchi nyuma ya altare, akaanza na macho.

Alipaka uso tu. Baadaye alieleza kwamba Mtoto hawezi kufutwa, wala mikono iliyompakata, kwa sababu ingekuwa kukosa heshima. Basi akateremka, akarudi nyuma hatua mbili kuikagua kazi yake, na ukutani akabaki mwanamke mwenye shingo, mabega na kovu la mafuta ya maandazi, na juu ya shingo bonge jeupe linalotiririka. Mtoto mnene bado alilitazama.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka ubaridi wa mpini wa ndoo ya mwenzangu, ambayo ilikuwa bado imejaa, na maji yakipiga ukuta. Chokaa mbichi ikashuka mpaka kifuani, ikaingia kwa Mtoto, ikanirukia miguuni. Mwalimu Gaudensi alinichapa fimbo nne mbele ya wenzangu. Nikamwuliza kati ya fimbo ya pili na ya tatu ananichapa kwa ajili ya nini, si ni rangi tu. Nilikuwa nauliza kweli. Nilikuwa na miaka kumi, na hilo ndilo jibu alilonipa yeye mwenyewe. Akaniongezea ya tano kwa ufidhuli.

Nyumbani mama alinifuta miguu kwa kitambaa kikavu, akanipaka mafuta ya nazi pale chokaa iliponiunguza. Mzee Issa alikuwa ametoka safari. Alisikiliza yote, akachukua kofia yake. "Kwetu hatuweki picha kabisa," alisema, "na kila mtu anajua kwa nini. Lakini hawa walikuomba wewe usimame." Alitaka kwenda kwa Gaudensi muda uleule. Mama akamshika mkono. Akamwambia hili ni la kwetu, akae, atalimaliza mwenyewe.

Kesho yake padri alikuwapo. Mama alivaa gauni lake la rangi ya udongo na kanga mpya, akanishika mkono, akapita benchi la nyuma. Akapita la katikati. Akaenda kukaa benchi la kwanza, katikati kabisa, chini ya ukuta ule, na kanisa zima likawa linaona shingo isiyo na uso, na mbele yake mwenye uso. Nilisikia nyimbo zikipungua sauti nyuma yetu. Padri, mtu mpole ambaye upole wake haukumfaa mtu siku ile, alihubiri macho yakiwa kwenye karatasi. Wakati wa Komunyo mama alibaki ameketi, akasogeza magoti pembeni ili watu wapite, na kila aliyepita alilazimika kumwomba samahani. Wengine hawakumtazama. Mwanamke yule aliyeshindwa kumpigia magoti mke wa Issa alijikwaa kwenye mguu wangu, na sitawadanganya, niliuweka makusudi.

Jumapili iliyofuata alikaa palepale. Na iliyofuata. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Wao ndio waliochoka kwanza. Kabla ya Krismasi ukuta wote ulipakwa chokaa, Mtoto akafutwa pia pamoja na heshima yake yote, na ikaletwa sanamu ya plasta iliyonunuliwa tayari, mama mweupe wa macho ya bluu. Maua yakarudi. Hakuna aliyemjua, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno juu yake.

Neema hakunicheka. Alisema tu kwamba kwao ukuta ni mtupu, ukitaka uje. Nilikwenda Jumapili mbili. Ukuta ulikuwa mtupu kweli, na watu walikuwa wakitazamana mavazi. Nikarudi kwetu.

Miaka yote hii nimewasikia Wakristo wakibishana kuhusu picha na sanamu, hawa wakitoa amri ya Musa, wale wakitoa mafundisho ya mababa, na mimi hunyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana. Simlaumu anayeweka picha wala anayeacha ukuta mtupu. Ninaowalaumu ni wale waliosema ni rangi tu, kisha wakaona dhambi ya mtu imeingia ndani ya rangi. Wangekuwa wanaamini walichonifundisha, uso ule ungekuwa juu ya altare mpaka leo. Waliogopa kumheshimu Mama wa Mungu kwa sura ya jirani. Mwalimu Gaudensi amekwisha fariki. Nilikwenda kumzika, nikatupa udongo wangu kama wengine, na hasira sikuizika naye.

Mama sasa ni mzee. Mwaka jana nilimwuliza, kwa mara ya kwanza, ilikuwaje kukaa chini ya kile walichomfanyia, Jumapili baada ya Jumapili, kuwatia haya. Utotoni nilidhani hivyo: kwamba alikwenda kupigana, na nilijivunia vita vyake. Alinitazama kama mtu asiyenielewa.

"Kuwatia haya? Mimi nilikwenda kusali. Kule nyuma nilikuwa simsikii padri."

Nikamwambia, lakini mama, ukuta ule, uso wako.

"Anjela, ilikuwa rangi," alisema, akaendelea kumenya mihogo.

Alikuwa anaamini. Katika kigango kizima, pamoja na katekista wake na wazee wake, aliyelishika fundisho lile mpaka mwisho alikuwa yeye peke yake, ambaye hawakumpa tena hata kitambaa cha kufua. Mimi sijafika alipofika. Nilichukua kisu, nikakaa karibu yake, tukamenya.