Baba Alipopata D

Mimi ndiye niliyempa baba yangu D. Nalisema hili mapema, maana nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kama afisa mikopo wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Mbulu. Nilikuwa nimetoka semina Arusha, ambako mwalimu alitueleza jinsi kampuni kubwa za duniani zinavyopima serikali na mabenki kabla hayajakopeshwa. Juu kabisa kuna A tatu: huyo mkopeshe ukalale usingizi. Zinafuata A mbili, A moja, kisha B tatu, na hapo ndipo mstari unapochorwa. Anayeshuka chini ya mstari anatozwa riba kubwa, kwa sababu wanaomkopesha wanajua wanabahatisha. Mwisho kabisa ni D, aliyekwisha kushindwa kulipa. Niliipenda sana ile ngazi. Nimekulia mahali ambapo ukoo wa mtu hutajwa kabla ya jina lake, na hii ilikuwa herufi isiyouliza ukoo.

Chama nacho kikatengeneza ngazi yake fupi, A mpaka D. Fomu iliuliza ekari za shamba, mikopo ya nyuma, na idadi ya ng'ombe zizini. D yetu haikungoja mtu ashindwe kulipa. Ilitosha aonekane hana kitu, na mwenye D hakukopeshwa.

Baba akaja kuomba mkopo. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada ya kwanza isipolipwa ndani ya wiki mbili, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bosi," akanitania mbele ya wateja wote.

Afisa nilikuwa peke yangu, nikaapa kwamba hakuna atakayesema nimependelea kwetu. Jumamosi nikaenda nyumbani Endagikot na fomu, nikasimama kwenye zizi nililolifagia utoto wangu wote. Walikuwepo ng'ombe wawili na ndama. Wiki hiyohiyo jirani yetu alikuwa amepata A kwa zizi la ng'ombe kumi na wanne.

"Ng'ombe ni hawa tu, baba?"

"Andika unachoona," akasema, akaendelea kufunga ua.

Nikaandika wawili.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Kwetu ng'ombe wa mtu hawakai pamoja. Unampelekea rafiki wa mbali jike, anamtunza na kunywa maziwa, na ndama wanabaki wako. Yeye naye, au mwingine, ataleta wake kwako. Ugonjwa ukiingia huku, wa kule wanapona. Na mtu hatangazi ng'ombe wake wako wapi, hata kwa mtoto wake mwenye kalamu. Wengi wa wale kumi na wanne wa jirani walikuwa wa watu. Haya yote niliyajua kabla sijaanza darasa la kwanza, lakini fomu ilisema zizini, nami nikahesabu zizi kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana. Siilaumu ngazi. Ngazi haikwenda Endagikot, niliyekwenda ni mimi.

Baba alipokuja kuchukua majibu aliisoma barua taratibu.

"Hii D ndiyo ya ngapi?"

"Ya mwisho, baba."

"Haya." Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimekula.

Hakugomba, na mimi siku ile nilijisifu moyoni kwamba nimetenda haki. Nikikumbuka lile swali la chakula naona aibu hadi leo.

Ada ililipwa siku mbili kabla ya mwisho. Nilipomuuliza mama, akanieleza bila kunitazama. Baba alikwenda Masieda kwa rafiki yake, aliyekuwa akimtunzia ng'ombe wa uzao mmoja tangu kabla sijazaliwa. Ndama wa uzao huo ndio waliouzwa nikasoma sekondari. Safari hii hapakuwa na ndama aliyefikia kuuzwa, kwa hiyo baba alimchukua ng'ombe mama mwenyewe, naye alikuwa akikamuliwa. Rafiki yake mwenyewe ndiye aliyemswaga hadi mnadani.

Mwezi uliofuata nilikwenda Masieda kuomba radhi. Nilimwamkia mzee, akaitikia kwa furaha, akaniuliza habari za mdogo wangu chuoni, anasoma nini, viatu vyeupe amepata. Kila nilipofungua mdomo kumtaja yule ng'ombe, yeye alihamia kwenye mvua. Nilitaka kulia, lakini ningelia ningemlazimisha anibembeleze.

Mke wake akaleta chai. Wajukuu wawili waliokaa mlangoni nao walikuwa na vikombe vyao, chai nyeusi kama yangu.

"Utusamehe, mwanangu," akasema akiweka kikombe mbele yangu. "Leo ni ya rangi."

"Ya rangi ndiyo inayokata kiu," mzee akadakia.

Nikanywa kikombe chote, nikaomba cha pili. Mama yule alisema leo, kana kwamba jana maziwa yalikuwepo.