Walinipokea Wote, Dada Wakamfungia Ndani

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja. Niliondoka Nairobi nikiwa msichana wa mtaa wa Ziwani, nikafundisha ughaibuni hadi nikastaafu. Kiswahili changu nimekitunza kwa vitabu, maana huko hapakuwa na wa kuzungumza naye. Mniwie radhi kikinuka kabati.

Nimerudi kwa ajili ya mtu mmoja, dada yangu mkubwa. Kiharusi kilimlaza mwaka jana, hawezi kuinuka wala kwenda choo bila kushikwa. Anaishi Kware, ghorofa ya nne, na mwanawe nitakayemwita Musa, mke wa Musa na binti yao mkubwa. Uwanja wa ndege uko karibu mno na hapo, ndege ikishuka unayaona magurudumu ukiwa dirishani. Kwa hiyo nilijiambia kwamba nikishatoka pale nje, muda si muda nitakuwa nimemshika mkono.

Nilipotoka nilikuta ukoo mzima. Gari mbili za kukodi, wanawake wameshona sare ya kitenge, mashada ya karatasi za kumetameta, mchungaji tayari kwa maombi, simu zote juu. Musa akanisimamisha. "Anti, rudi ndani utoke tena, hiyo video haikushika." Nami, kwa umri huu, nikarudi na masanduku yangu, nikatoka tena nikitabasamu.

"Mama yako hajambo?" nilimwuliza garini.

"Mathe ako poa, Anti. Anakungoja."

Lakini gari liliipita njia ya Kware likatupeleka mahali pa nyama choma. Nilipouliza, Musa akasema, "Mgeni wa majuu hawezi ingia kwa nyumba na njaa. Watu watatusema." Mkewe akadakia, "Na hii sare tulishona ikae kwa gari?" Wakacheka. Wakanilisha keki mbele ya simu, tena na tena, kila mmoja na picha yake. Ndipo nikatazama meza vizuri. Mke wa Musa alikuwepo. Binti anayemwogesha dada alikuwepo. Hata jirani anayesaidia kumgeuza alikuwepo, kwa sare.

"Nani amebaki na dada yangu?"

Mke wa Musa alikuwa akitafuna mbavu. "Anti, kwani ataenda wapi?"

Meza nzima ilicheka.

Tulifika alasiri. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Harufu ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Dada alikuwa amelalia mkojo na choo chake tangu alfajiri, chai yake imewekwa mahali asipoweza kufika, imeganda utando, nzi ndani. Nyuma yangu Musa akasema, "Anti, ngoja kidogo nirekodi mkikutana." Niliifunika simu yake kwa kiganja.

Nilimwosha dada mwenyewe, na sikuona kinyaa. Kinyaa kilinishika nilipogeuka nikawaona mlangoni, wameziba pua kwa vile vitambaa vya sare. Hadi leo nikila nao chakula hakishuki.

Tulipobaki wawili dada alisema, kwa ule ulimi wake mzito, "Nilisikia ndege, nikajua ni wewe. Nilijikaza nikupokee nikiwa msafi. Nikashindwa."

Nilisimama niende kumkabili Musa. Akanishika gauni kwa mkono wake unaofanya kazi. "Usimgombeze. Wewe utapanda ndege. Mimi nitabaki naye."

Nimempa wazo la nyumba ya kutunza wagonjwa, amekataa, eti mwanawe atasemwa. Na kwa haki, siku nyingine wanamwogesha na kumlisha. Wanaamini kweli kwamba siku ile walifanya heshima kubwa. Kanisani wanasifiwa kwa ile video.

Jumamosi naondoka. Gari mbili zimeshakodiwa za kunisindikiza, na mke wa Musa ameniambia kwa furaha kwamba hakuna atakayekosa. Nikiwakatalia, nitalazimika kusema sababu, na hasira yao itamshukia asiyeweza hata kujigeuza. Nikinyamaza, nitakuwa nimekubali alale vile tena ili mimi nipungiwe mkono. Ninyi mliouguza wazazi, mnaozijua nyumba hizi kuliko mimi, nishaurini: niseme, au nimtii dada yangu?