Namba za Ovyo za Alinanuswe

Mwaka 1976 bia iliadimika Mbeya, na kila lori lililotoka Iringa lilipokelewa na umati. Saa ya kufika ikafanywa siri. Ilitumwa kwa simu ya upepo, ambayo wenye redio kali waliinasa, ikiwa imechanganywa na namba za kubuni. Kuzibuni ilikuwa kazi ya Alinanuswe, karani wa ghala.

“Toa ovyo tu, zisifuatane,” bosi wake Budeba alimwonya. “Siri ikivuja, unarudi Tukuyu kuchuma ndizi!”

Ovyo nayo kumbe kazi! Alinanuswe alikuna kichwa wee, mwisho akaandika 214, 87, 305. Lori lilipofika, kwaya nzima ya kanisani kwake ilikuwa getini.

“Mmejuaje?” Budeba akafoka.

“Si nyimbo za Jumapili hizo, bosi?” mwimba besi akajibu. “Namba zake zilikuwa ubaoni kanisani. Tulipozinasa redioni tukaziondoa, ikabaki saa ya lori.”

“Alinanuswe, fungasha! Wiki hii natoa mwenyewe, uone watu wanavyofikiri.”

Budeba akafikiri, akaweka mwaka aliozaliwa mkewe. Lori likapokelewa na shemeji zake wote, wamebeba ndoo. Habari ya Tukuyu haikutajwa tena.