Kufuli ya Mlango wa Nne

Ijumaa tulipoachiliwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nilishuka Kangemi badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani Mountain View. Usiniulize nilifuata nini. Ploti ya shosho, nyanya yangu, ile safu ya vyumba vya kupanga, haipo tena. Pale sasa pana jumba la ghorofa sita, na palipokuwa na bomba la maji amekaa mlinzi anayekutazama kama umekuja kuiba ngazi. Lakini getini wametundika kufuli kubwa, na nilipoiona tu, nikakumbuka kufuli ya mlango wa nne.

Nilikuwa na miaka minane, rafiki yangu, na tayari walimu walikuwa wamenichoka. Jumapili za shosho zilinukia pasi ya makaa na chai ya tangawizi iliyochemka kupita kiasi, huku mabati yakilia twa, twa juani. Tukitoka kanisani alivua viatu vyake vyeupe na kuvipanga mlangoni, pua zikitazama nje. “Bwana akija sitaki kuanza kutafuta kiatu,” alisema. Mimi nilijiuliza kama mbinguni wanakubali patipati zangu za mpira.

Jumapili moja mwalimu wa Sande skuli alitufundisha kwamba wawili watakuwa kazini pamoja, mmoja atatwaliwa, mwingine ataachwa. Hakupaza sauti. Alifunga Biblia, akatuangalia mmoja mmoja, akasema hakuna atakayepigiwa kengele. Mtoto mwenye akili angetubu. Mimi nikapata mpango.

Shosho aliposinzia kitini baada ya chakula, nilivua kila kitu nikabaki na chupi. Nikalaza shati kwenye kochi, kaptula chini yake, soksi ndani ya viatu. Kando, kikombe cha chai kikitoa mvuke, na mandazi iliyong'atwa mara moja. Kazi safi! Nikajificha nyuma ya pazia la kitanda kungoja kelele.

Kelele hazikuja.

“Mzee wangu?” aliita. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la babu. Akashika shati. Akagusa kikombe. Kisha akakaa sakafuni taratibu.

“Nimeachwa,” alisema, kama anayesoma barua. “Ni yale mambo ya mama wa mlango wa nne.”

Ploti nzima iliyajua. Miaka miwili hawakuwa wamesalimiana kwa sababu ya kamba ya nguo, na nani aliangusha mashuka ya nani kwenye matope. Kanisani yule mama alikaa benchi ya mbele yetu, na shosho alimpitishia kikapu cha sadaka bila kumtazama. Kuna siku nilimuuliza: si Yesu alisema uache sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako? Akanijibu upesi, “Pale imeandikwa ndugu. Yule ni jirani.” Asubuhi ile benchi ya mbele ilikuwa na pengo, na shosho hakuuliza.

Sasa alitoka miguu mitupu, akapita viatu vyake vilivyokuwa tayari. Nilimchungulia dirishani. Alibisha mlango wa nne.

“Mama, fungua tafadhali. Nimekuja kwa ile kamba. Nisamehe.”

Ndipo akaiona kufuli. Mkono wake ukabaki juu yake.

“Hata huyu amechukuliwa.”

Nilitoka mbio na chupi yangu. Watoto wa ploti wakapasuka kwa kicheko: “Oneni Adamu!” Shosho alinishika mkono, akaufinya, akaninusa nywele.

“Kumbe uko.”

“Ilikuwa jokes tu, shosho.”

Nilingoja kofi. Halikuja, na mkono hakuuachilia.

“Akirudi jioni nitamwambia,” alisema. Akaleta kigoda, akaketi mbele ya ule mlango, sahani ya mandazi mapajani imefunikwa kitambaa.

Hakurudi. Asubuhi ya Jumapili ile ile, sisi tukipiga nguo pasi, bodaboda ilikuwa imempeleka hospitali. Jumanne mwanawe alikuja na ufunguo, akaingia kutafuta gauni zuri la kumzika nalo.

Tangu hapo, kila siku kabla jua halijazama, shosho alivaa vile viatu vyeupe akazunguka ploti mlango kwa mlango akisalimia, hata walevi. “Nilisoma vibaya,” aliniambia. “Jirani ndiye ndugu.” Hakunisema kwa ule mchezo. Heri angenichapa.

Sasa shosho naye amefariki, milango yenyewe imebomolewa, na hakuna anayebisha kwa mtu kabla jua halijazama. Hata mimi. Muhula huu nilimfanyia mzaha jamaa ninayeketi naye darasani, kuhusu baba yake, mbele ya darasa zima. Walicheka sana. Yeye alikuwa hajanisemesha tangu siku hiyo, na Ijumaa hii hakuja shule.

Kwao ni geti la tatu kutoka kwetu. Nilitoka Kangemi nikitembea, kisha nikikimbia, begi likinipiga mgongoni. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kuanzia. Nilipofika kona kilikuwa kimenitoka kichwani, na macho yalikuwa yametangulia getini, yakitafuta kufuli.